Mpinzani wa dogo kaishiwa muda, dogo kabaki na farasi peke yake, mwamuzi katoa sare. Ni sahihi?

#1 Baba Wawili
Wakuu, salaam. Wajuzi wa chesi nisaidieni, kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumamosi.

Kijana wangu ana miaka 11. Kacheza mashindano ya blitsi (chesi ya haraka) ya watoto wa chini ya miaka 12 hapa Dar, dakika 5 kila mmoja, bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Raundi saba. Raundi ya sita kapangiwa mwenzake wanayejifunza naye kwa kocha mmoja, wanajuana mpaka majumbani. Mchezo ulikuwa wa moto, wakalana kete mpaka ubao ukawa mweupe. Mwishoni kijana wangu kabaki na mfalme na farasi mmoja. Mwenzake ana mfalme na askari mmoja wa pembeni, mstari wa h, anakimbilia mwisho akageuzwe malkia. Saa ya mwenzake ikasoma sifuri. Ya kijana wangu ilikuwa na sekunde 19. Nilikuwa nyuma ya kamba na wazazi wengine, nikamwona anasimamisha saa na kunyoosha mkono.

Mwamuzi akaja, akatazama ubao, akatazama saa, akasema ni sare kwa sababu farasi peke yake hawezi kumaliza mchezo. Nusu pointi huku, nusu kule.

Kijana kamaliza wa nne. Wa tatu kamzidi nusu pointi. Kwenye daladala kutoka Posta mpaka Mbagala hakusema neno, kapakata begi la kete tu. Usiku ndipo akauliza: "Baba, si aliyeishiwa muda ndiye kapoteza?" Sikuwa na jibu. Mimi nilikulia kwenye drafti, chesi najua kete zinavyotembea, basi.

Mwamuzi simlaumu, nataka kujua sheria inasemaje nimwambie mtoto ukweli.

#2 Kijiwe cha Drafti
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi. Drafti yetu ya kijiweni haina saa, mtu anafikiria mpaka chai inapoa, ila na ugomvi wa namna hii hatuna.

#3 Kete64
Mkuu, mwamuzi yuko sahihi. Mfalme na farasi hawawezi kumfunga mfalme. Hilo ndilo somo la kwanza tunalofundishwa. Ukiishiwa muda na mwenzako hana nguvu ya kukumaliza, ni sare. Mpe pole kijana, mwakani atapanda jukwaani.

#4 Refa wa Zamani
Kete64, hapo umechanganya mambo mawili, na wengi huchanganya.

Mfalme na farasi dhidi ya mfalme MTUPU: sare, hakuna ubishi, mchezo umekufa papo hapo hata kama saa zote mbili zina muda. Lakini hapa mwenzake alikuwa na askari. Kifungu 6.9 cha sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kinasema aliyeishiwa muda anapoteza, isipokuwa kama hali ya ubao ni kwamba mpinzani wake hawezi kumpiga chekimeti (kumfunga mfalme asiwe na pa kukimbilia) kwa mfululizo WOWOTE wa hatua halali. Wowote, hata ule wa kijinga kabisa ambao hakuna mwenye akili angeucheza. Sheria haiulizi kama ungeweza kumlazimisha. Inauliza kama inawezekana, na mwenzako akishirikiana nawe.

Penye askari inawezekana. Kwa maelezo ya #1, kijana wako alishinda.

#5 Mwalimu wa Hesabu
Refa, tuwekee mfano. Tusichukue neno tu.

#6 Refa wa Zamani
Panga hivi, herufi ni mstari wa wima na namba ni safu. Mfalme mweusi h1. Askari wake mweusi h2, mbele ya mfalme kabisa. Mfalme mweupe f1. Sasa mlete farasi mweupe g3. Mfalme mweusi anashambuliwa. Akienda g1 au g2, mfalme mweupe anazilinda zote mbili. Akienda h2, kuna askari wake mwenyewe. Askari hawezi kumla farasi aliye g3 kwa sababu anashuka, hapandi. Chekimeti ya farasi mmoja.

Askari wa mweusi ndiye anamzibia njia mfalme wake. Angekuwa mtupu angepumua.

#7 Mchezaji wa Usiku
Nadhani najua mwamuzi alikolitoa wazo lake. Wengi wetu tumejifunzia blitsi kwenye simu. Ukicheza Chess.com, mtu akiishiwa muda na wewe una mfalme na farasi tu, programu inatoa sare bila kujali mwenzako ana nini. Ukicheza Lichess, inafuata mtazamo wa FIDE: kama chekimeti inawezekana kwa njia yoyote, umeshinda. Ubao uleule, matokeo mawili.

Na sio programu peke yake. Sheria za chama cha Marekani nazo zinampa sare aliyeishiwa muda dhidi ya mfalme na farasi, ila kama huyo mwenye farasi ana ushindi wa kulazimisha. Kwa hiyo usishangae mwamuzi aliyekulia kwenye simu akisema alichosema.

#8 Kete64
Nimerekebishwa, asante Refa. Ila roho yangu inakataa. Mtoto ana askari anakwenda kuwa malkia, anashinda mchezo, halafu apoteze kwa sababu kinadharia angeweza kujifungia mfalme wake pembeni? Haki iko wapi hapo? Naona Wamarekani kwenye hili wametumia busara.

#9 Mtu wa Ngara
Kete64, haki ni kwamba saa ni sehemu ya mchezo. Mimi hapa Nairobi nilipoteza hivyohivyo kwenye mashindano ya klabu. Nilikuwa na mfalme, ngome na askari wawili, jamaa ana farasi moja amechoka. Bendera yangu ya saa ikaanguka, yaani muda wangu ukaisha. Nikainua mikono nikisema sare, refa akatikisa kichwa, akaniambia nimepoteza. Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nilikaa na ubao nikaona kweli, nilikuwa nimetumia dakika moja na nusu kwenye hatua ya nane nikitafuta uzuri. Sikuibiwa na mtu. Dakika hiyo niliila mwenyewe.

#10 Bint Kisiwani
Hamjambo. Huku Unguja mzee mmoja alitufundisha kwamba ukibakiwa na chini ya dakika mbili unaweza kusimamisha saa ukamwomba mwamuzi sare, ukamwonyesha kwamba mwenzako hajaribu kushinda kwa mchezo bali anasubiri saa tu. Yule mtoto mwingine hakuambiwa?

#11 Refa wa Zamani
Bint Kisiwani, mzee wako hakukosea, ila hiyo ilikuwa ya michezo mirefu. Ilikaa kwenye kifungu 10.2 cha sheria za zamani, na hata enzi hizo kwenye blitsi haikutumika. Ingetumika, kila mchezo ungesimamishwa mara tatu.

#12 Farasi Mweusi
Samahani mleta mada, niulize jambo ambalo wengine wanaliogopa. Kocha mmoja, wanajuana majumbani, raundi ya sita, sare. Una hakika hawa watoto hawakupanga?

Haya mambo yapo mpaka juu. Desemba 2023 kule Samarkand, Uzbekistan, kwenye blitsi ya dunia, magwiji wawili wa Urusi, Nepomniachtchi na Dubov, walizungusha farasi zao huku na huku kama wanacheza ngoma, wakamaliza sare ya haraka. Waamuzi wakaifuta, kila mmoja akaandikiwa sifuri. Wakubwa wakifanya, wadogo wanaiga.

#13 Baba Wawili
Farasi Mweusi, nimekusoma mara mbili ili nisikujibu kwa hasira. Mtoto aliyepanga sare halii. Huyu alilia chooni pale ukumbini, mimi ndiye niliyemshikia begi nje ya mlango. Na walicheza mpaka sekunde ya mwisho ya saa, kete zikaisha. Hao wa Samarkand walizunguka tu na farasi wao. Tafadhali.

#14 Mama Chesi
Naungana na Baba Wawili. Nafundisha watoto chesi jioni, nawajua. Watoto wa umri huo wakikutana marafiki ndiyo wanauana zaidi, kwa sababu kesho yake mmoja atatambiwa darasani.

Farasi Mweusi, ukitaka mfano wa sare za marafiki na wapinzani, kuna ule wa New York mwisho wa 2024. Gwiji wa Norwe, Carlsen, aliongoza 2 kwa 0 kwenye fainali ya blitsi ya dunia, Nepomniachtchi akarudisha mpaka 2 kwa 2, wakatoka sare tatu mfululizo, kisha wakakubaliana wagawane ubingwa na FIDE wakaridhia. Wengi walikasirika. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu Jumatatu watoto wangu walikuja kuniuliza kwa nini wao hawaruhusiwi kugawana kikombe. Nikakosa la kusema.

#15 Baba Wawili
Wakuu, nimemkalisha kijana jioni hii, nikamwambia anisimulie taratibu. Kuna kitu sikukiona kutoka nyuma ya kamba, niwieni radhi kwa kuwapa habari nusu.

Anasema askari ALISHAFIKA h1. Mwenzake alimsukuma kutoka h2, akamwachia, akaanza kutafuta malkia mweusi. Malkia alikuwa upande wa kijana wangu, kwenye rundo la kete zilizoliwa, amelala chini ya kitambaa cha kufutia saa. Mwenzake akanyoosha mkono juu ya ubao, akakipindua kile kitambaa, akampata malkia. Hapo ndipo kijana wangu akaona sifuri na kusema "muda". Mwamuzi alipofika, malkia alikuwa h1 na askari yuko mkononi kwa mwenzake.

Je, hii inabadilisha kitu?

#16 Refa wa Zamani
Baba Wawili, inabadilisha kila kitu. Nimeandika #4 nikiwa na uhakika, sasa lazima nirudi nyuma.

Kama malkia alikuwa tayari h1 bendera ilipohesabiwa kuanguka, basi ubao ni mfalme na farasi dhidi ya mfalme na MALKIA. Na hapo chekimeti ya farasi haiwezekani kwa njia yoyote ile, hata mkishirikiana usiku kucha. Kwa kifungu kilekile 6.9 ni sare. Mwamuzi alitoa jibu sahihi, ingawa sababu aliyoisema haikuwa yenyewe.

Kama alikuwa bado askari, kijana wako alishinda.

#17 Kijiwe cha Drafti
Subirini. Mtu mwenye askari dhaifu anapoteza, mwenye malkia mwenye nguvu anapata sare? Yaani malkia anakuokoa kwa sababu ana nguvu nyingi mno za kujifungia mwenyewe? Nimesoma mara tatu. Kijiweni wakinisikia nasimulia hili watanifukuza kwenye benchi.

#18 Mwalimu wa Hesabu
Kijiwe, na mimi sikuamini, nikatoa ubao.

Farasi akitaka kummaliza mfalme peke yake lazima mfalme awe kwenye kona, kwa sababu pembeni kuna miraba mitano ya kukimbilia, katikati minane, haizibiki. Kwenye kona ipo mitatu. Mfalme mweusi h1: anaweza kwenda g1, g2, h2. Mfalme mweupe anaweza kulinda miwili tu kati ya hiyo bila kumgusa mwenzake. Wa tatu lazima uzibwe na kete ya mweusi mwenyewe.

Farasi anamshambulia h1 kutoka g3 au f2, hakuna pengine. Chukua farasi g3, anayeziba yuko h2. Askari h2 hamwoni g3. Ngome h2 haimwoni g3, maana ngome haiendi mshazari. Lakini malkia h2 anamwona g3, anamla. Upande wa pili ni vilevile: farasi f2, malkia g1 anamla. Malkia hawezi kuwa mzibaji. Siku zote anamfikia farasi.

Refa yuko sahihi. Hesabu yenyewe imenifurahisha, natamani niwape wanafunzi wangu.

#19 Mchezaji wa Usiku
Kumbe ndiyo maana. Mwaka jana Lichess niliishiwa muda nikiwa na malkia dhidi ya farasi, ikatoa sare, nikadhani kuna hitilafu. Wiki mbili baadaye niko na ngome dhidi ya farasi, muda ukaisha, nikapoteza. Nikawaandikia watu kwenye kundi letu kwamba programu imeharibika. Leo ndiyo naelewa.

Kwa hiyo mtoto yule angeokota ngome badala ya malkia, angepoteza hata kama kete imekaa h1 vizuri.

#20 Mama Chesi
Tusiende haraka. Suala sasa ni sekunde moja: malkia aligusa h1 kabla au baada ya mtoto kusema "muda"?

Sheria ya kupandisha askari cheo iko wazi: chaguo lako linakuwa la mwisho pale kete mpya INAPOGUSA mraba wa kupandia. Kumshika malkia mkononi hakutoshi. Hewani bado unaweza kubadili nia ukachukua farasi. Na akichukua farasi, chekimeti inawezekana. Kwa hiyo kama "muda" ilisemwa malkia akiwa hewani, mimi naona mweupe kashinda.

#21 Mwalimu wa Hesabu
Mama Chesi, hapo pana ubishi. Askari alishaachiwa h1. Hali ya ubao wakati huo ni ipi? Askari aliyekaa mstari wa mwisho si kete ya kawaida, hana hatua yoyote halali. Unaweza kusema hatua haijaisha, kwa hiyo turudi kwenye hali ya kabla, askari h2. Au useme hatua imeanza na lazima ikamilike, na miongoni mwa njia za kuikamilisha ipo ya kuchukua farasi au ngome. Kwa njia zote mbili mweupe anashinda. Lakini yupo atakayesema mtoto alikuwa anamwendea malkia, nia yake inajulikana, na kila mtu ukumbini alijua.

#22 Mama Chesi
Nia haiandikwi kwenye matokeo.

#23 Nilikuwepo Ukumbini
Salaam. Nilijiunga humu kusoma tu, lakini mchezo huu niliuona. Mwanangu alikuwa ubao wa jirani na alishamaliza, nikaruhusiwa kumfuata.

Nilichokiona mimi: kuna mtu nyuma ya kamba alipaza sauti "malkia, malkia!" Nadhani alikuwa anamhimiza mtoto. Watoto wote wawili waligeuka. Mtoto wa mweusi akachukua malkia akamweka. Wakati anamweka ndipo mweupe akasema "muda". Kwa macho yangu vilikwenda pamoja, siwezi kuapa kipi kilitangulia. Halafu kabla mwamuzi hajafika wakapeana mikono. Mmoja akasema kitu, sikusikia nini.

Ipo na picha niliyopiga. Inaonyesha malkia h1 na saa ina sifuri upande wa mweusi. Lakini ni picha ya baadaye, haisaidii.

#24 Farasi Mweusi
Kwanza, Baba Wawili, nakuomba radhi kwa #12. Sikupaswa kuwatia watoto doa bila ushahidi.

Pili, huyu shahidi katuletea jambo jipya. Walipeana mikono na mmoja akasema kitu. Kama alisema "sare?" na mwingine akakubali, mchezo uliishia hapo hapo. Sare ya makubaliano haihitaji bendera wala malkia. Mwamuzi anaandika tu.

#25 Refa wa Zamani
Kupeana mikono si makubaliano, Farasi Mweusi. Watoto wanafundishwa kupeana mikono mchezo ukiisha, na kila mmoja anaweza kuwa anaamini kitu tofauti. Nimewahi kusimamia ubao ambao wote wawili walipeana mikono wakitabasamu, nikauliza nani kashinda, wote wakasema "mimi". Tangu siku hiyo huwa nauliza kwanza, naandika baadaye.

Kuhusu sekunde: kifungu 6.8 kinasema bendera inahesabiwa kuwa imeanguka pale mwamuzi anapoiona, au mchezaji anapotoa dai halali. Kwamba saa ilisoma sifuri sekunde mbili kabla hakutoshi. Kama hakuna aliyedai, mchezo unaendelea. Kwa hiyo kilichotangulia, neno "muda" au malkia, ndicho kinachoamua. Na mwamuzi alifika vyote vikiwa vimeshatokea.

#26 Mtu wa Ngara
Kuna njia nyingine hamjaigusa. Je, kama mtoto alimsukuma askari h1 na kubonyeza saa KABLA ya kumbadilisha? Hiyo ni hatua haramu, kifungu 7.5.2. Adhabu kwenye blitsi ni dakika moja kwa mpinzani, na askari anageuzwa malkia kwa lazima. Labda mwamuzi alifikiria hivyo, akamhesabia malkia, ikatoka sare.

#27 Mchezaji wa Usiku
Mtu wa Ngara, angebonyeza, saa yake ingesimama. Saa ilisoma sifuri upande wake.

#28 Mtu wa Ngara
Angebonyeza ikiwa tayari sifuri. Watoto hubonyeza bila kutazama. Mimi mwenyewe huwa nabonyeza hivyo.

#29 Nilikuwepo Ukumbini
Sikuona akibonyeza. Lakini nilikuwa natazama mikono iliyokuwa kwenye rundo la kete.

#30 Bint Kisiwani
Na yule aliyepaza sauti "malkia"? Mtazamaji haruhusiwi kuingilia. Akiona kasoro anamwambia mwamuzi tu. Angenyamaza, labda mtoto angechelewa sekunde moja na dai lingetangulia. Au labda mweupe ndiye aliyeshtuka akachelewa kudai. Kelele ile iliwaumiza wote wawili.

Kwetu kwenye bao barazani, mtazamaji akifungua mdomo kumwelekeza mchezaji wazee humtazama tu, na anainuka mwenyewe.

#31 Kijiwe cha Drafti
Bint Kisiwani, mtazamaji wa bao anayenyamaza sijapata kumwona mpaka leo. Nilikaa Unguja miezi minne, baraza zima linacheza, wenye kete ni wawili tu.

#32 Bint Kisiwani
Ulikaa baraza gani hilo? Njoo Forodhani nikuonyeshe watu wazima.

#33 Mama Chesi
Wakati mnakwenda Forodhani, niseme lililo moyoni mwangu. Hii kesi yote imezaliwa na dakika 5 bila nyongeza. Blitsi kwa FIDE ni dakika 10 au pungufu, ukijumlisha nyongeza mara hatua 60. Blitsi ya dunia inachezwa dakika 3 na sekunde 2 kwa kila hatua. Piga hesabu: dakika 3, jumlisha sekunde 2 mara 60, ni dakika 5 zilezile. Urefu wa mashindano haubadiliki sana, lakini mtoto mwenye askari h2 anasukuma akijua atapewa sekunde 2, anamweka malkia kwa utulivu, na ushindi unapatikana kwa mchezo.

Tatizo ni saa. Nina watoto 22 na saa za kidijiti nne. Waliobaki wanatumia simu za wazazi, na mbili zinazimika katikati ya mchezo kwa kuisha chaji. Zile za mshale za zamani tulizopewa hazijui nyongeza kabisa. Waandaaji wengi wanaweka dakika 5 kavu kwa sababu ndizo kila saa inaziweza.

Na jambo dogo zaidi, linalogharimu shilingi sifuri: weka malkia wa akiba pembeni ya kila ubao kabla ya mchezo, mmoja mweupe mmoja mweusi. Yule mtoto asingepekua chini ya kitambaa.

#34 Kete64
Hilo la malkia wa akiba kesho nalipeleka kwenye klabu yetu. Na bado nasimama na Wamarekani, Refa.

#35 Refa wa Zamani
Simama nao. Ila ukija kucheza kwangu utapoteza kwa farasi mmoja na nitaandika bila kupepesa macho.

#36 Mwalimu wa Hesabu
Baba Wawili, hukukata rufaa? Mchezaji ana haki ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa mwamuzi, isipokuwa kama kanuni za mashindano zilisema vinginevyo.

#37 Baba Wawili
Mwalimu, sikujua kama ipo. Na sasa kwa maelezo ya humu, ningekata nikisema nini? Kijana anasema aliwahi kusema "muda". Shahidi anasema vilikwenda pamoja. Juzi nilimpigia mzazi wa mwenzake, tunaheshimiana, akasema mwanawe anaapa malkia alishagusa ubao na kwamba alisema "sare" akidhani ndiyo sheria, na kijana wangu akampa mkono. Nikamuuliza kijana. Akanyamaza, kisha akasema alimpa mkono kwa sababu mchezo ulikuwa umeisha.

Asanteni wote. Jana usiku nilimsomea #6. Tulikuwa tumepoteza farasi mweupe mmoja na mwingine kamuazima rafiki, akachukua kizibo cha soda akakiweka g3. Akapanga mfalme mweusi h1, askari h2, mfalme wetu f1. Akakaa akitazama. Kisha akamtoa askari, akaweka malkia h2, akajaribu kuona kama kizibo kinaweza kumaliza. Akala kizibo kwa malkia mwenyewe. Akakirudisha, akahamia kona ya pili, akajaribu tena. Akajaribu kona zote nne, nikamwacha mpaka saa nne na nusu.

Asubuhi kabla ya shule kaniachia swali niwaletee: kama mwenzake angekuwa na malkia NA askari mwingine mahali popote ubaoni, nani kashinda?

#38 Mchezaji wa Usiku
Mweupe. Malkia analiwa na farasi, anabaki askari, mnarudi kwenye #6. Dogo yuko vizuri.

#39 Refa wa Zamani
Sahihi. Mwambie na hili ajaribu: malkia wawili, bila askari. Nasubiri jibu lake, sio lako, Mchezaji.